Giza la Kwetu Lina Stori: Wana wa Tarime na Mugumu na Mzuka wa Hadithi Nzito za Kale

Oyaa mura, tuchane ukweli bila kona. Zama kibanda umiza chochote Tarime mjini Jumamosi usiku mpira ukiisha, au kaa kijiweni na masela wa boda pale Mugumu, halafu sikilizia stori gani inafanya watu wakaushe. Mapenzi yapo, ngumi zipo, mikeka ya kubeti ndiyo usiseme. Ila kuna stori moja ikianza, hata yule mchizi mwenye domo kuliko wote anafunga bakuli: stori ya kale, yenye giza. Vikings na mashua zao kwenye ukungu. Peaky Blinders, wahuni wa Birmingham waliorudi Vita ya Kwanza ya Dunia vichwa vikiwa vimeharibika. Kingdom ya Wakorea, ufalme wa zamani unatafunwa na maiti zinazotembea. Kama bando halitoshi video, kuna The Story Book ya Wasafi, sauti nzito ya Jamal April inakuingiza kwenye mambo ya kutisha na wewe umejifunika shuka geto, taa umezima mwenyewe kwa kujitakia.

Wasee wa ng'ambo, ukishavuka Sirari ukatokea Isebania, Kenya, nao ni walewale. Kule muvi ikishapita mikononi mwa DJ Afro, hata Mchina wa karne zilizopita anabonga Sheng. Mpaka upo, pasi za kuvukia zipo, ila ladha ni moja pande zote mbili.

Sasa ninachosema mimi ni hiki, na nitakikomalia hadi mwisho: hilo giza tunaloazima kwa Wazungu na Wakorea, huku kwetu limejaa. La kwetu lina majina, lina milima, lina magofu na makaburi. Linakosa riwaya tu. Tarime na Serengeti ni chimbo la stori za kale ambalo mwandishi wa Kiswahili hajalichimba ipasavyo, na ndiyo maana wana wanakula giza la watu wengine kila wikiendi.

Kwa nini linanata

Kwanza tuelewane kitu. Stori ya kutisha ya kubuni tupu, ya jini kutoka chooni, inakushtua dakika mbili halafu unacheka. Stori ya kale yenye giza inakuganda, kwa sababu unajua kitu kama hicho kilitokea. Mtu mwenye mikono na tumbo kama lako alikipitia.

Tena mwisho wake mara nyingi unaujua kabla hujaanza. Chukua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kila aliyepita sekondari Bongo anajua Vita vya Majimaji viliishaje: maji hayakugeuza risasi, na Kinjeketile Ngwale mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa bado mbichi. Mbona basi tunasoma tukiwa tumekaa ncha ya kiti? Kwa sababu swali limehama. Swali la nani atashinda lilishajibiwa zamani. Linalokula kichwa ni lile la mtu aliyeanzisha imani, akaona inamzidi nguvu, halafu anadaiwa neno moja la kuiua au kuiacha iendelee kuua. Hapo ndipo unapodata. Unamjua mtu anayetembea kuelekea shimoni, unatamani umshike shati, na huwezi.

Pili, shuleni tulipewa historia bila harufu. Taja sababu sita. Eleza matokeo matano. Ukimaliza mtihani, unamsahau Mjerumani na viboko vyake kama ulivyosahau fomula za kemia. Riwaya nzuri ya kale inarudisha vile mtihani ulivyoviacha: moshi wa kuni mbichi, ngozi ya ng'ombe iliyolowa, ukimya wa boma wakijua maadui wapo kilimani. Ukishanusa, husahau.

Tatu, na hii wanasaikolojia wa kijiweni watanielewa: maisha ya kitaa yana msoto wake. Ajira ngumu, boda ya mkopo, dingi anauliza kila siku utatoboa lini. Stori ya giza haikudanganyi kwamba mambo ni mteremko. Inakuonyesha watu waliokuta ngori mara kumi ya yako, wengine wakavuka, wengine wakabaki njiani, na wote wakawa watu kamili. Kwa msela aliyechoka kuambiwa apambane na atafanikiwa, huo ukweli ni pumziko.

Gofu la Ikoma: muvi ambayo haijachezwa

Twende Serengeti. Watalii wanapita lango la Ikoma macho yakiwa kwa nyumbu. Wachache wanajua kwamba pembeni mwa njia yao, upande wa kijiji cha Robanda, Wajerumani walijenga boma la mawe juu ya kilima mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kwenye boma hilo ilipigwa moja ya vita za ajabu kuliko zote za Afrika Mashariki.

Cheki mkasa wenyewe. Februari 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, Mjerumani alishabanwa kusini mwa nchi. Waingereza na Wabelgiji wameshika Tabora, wameshika Mwanza, ziwa lote ni lao. Kapteni mmoja, Max Wintgens, anajitenga na wenzake na askari wapata 500, badala ya kukimbilia kusini anageuka kaskazini, katikati ya eneo la adui. Hakuna mgongo wa kuegemea, hakuna ghala, chakula ni kile wanachonyang'anya vijijini. Mei, homa inamlaza Wintgens, anajisalimisha kwa Wabelgiji. Wengi wangesema mchezo umeisha. Lakini Luteni wake, Heinrich Naumann, anashika usukani. Wanavuka reli ya kati, wanapanda, wanapanda, hadi wanaingia Ikoma. Wabelgiji wanakuja kuwatoa kwenye boma, wanachapwa vibaya na kurudi nyuma. Halafu kikosi kinachomoka mashariki, kinakata nyika ya Serengeti, na kinakuja kubanwa Kondoa mwanzoni mwa Oktoba 1917. Miezi nane ya kutembea na kukimbizwa.

Maze, kama hiyo si sizini nzima ya tamthilia, basi sijui tamthilia ni nini.

Ila usikimbilie kumfanya Naumann staa. Hapo ndipo waandishi wa Ulaya walipotuzingua miaka mingi: vita imepigwa kwenye mashamba yetu, na majina yanayobaki ni ya maofisa wao. Mwandishi wa hapa ana nafasi ya kugeuza kamera. Misafara ya askari wa vita ile ilitembea na wapagazi, ilitembea na wanawake na watoto wa askari. Nani alibeba masanduku ya risasi hadi Ikoma? Mama aliyeficha mtama chini ya kitanda aliwaambia nini askari wenye ngozi kama yake lakini wamevaa sare ya Mjerumani? Mwezi uliofuata, Mbelgiji alipouliza nani aliwalisha, nani alimtaja nani? Giza la kweli la stori hiyo limekaa kwenye jiko la huyo mama, kwa mtu ambaye pande zote mbili zinamla.

Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyechukua Nobel ya fasihi mwaka 2021, amefanya kazi ya namna hiyo kwa pwani. Riwaya yake Paradise, ya 1994, inapita kwenye nchi iliyo karibu kumezwa na Mjerumani, na Afterlives ya 2020 inaingia ndani kabisa ya maisha ya askari na familia zao. Paradise ipo kwa Kiswahili tangu 2022, inaitwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imechapwa na Mkuki na Nyota. Pwani wameshapata wa kwao. Ikoma bado inasubiri.

Kabla ya nyumbu kuwa staa

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek akatoa filamu yake kuhusu mbuga hiyo, ikabeba Oscar, na mwanawe Michael alishakufa kwa ajali ya ndege Januari mwaka huohuo wakiwa kazini. Dunia ikalia, dunia ikachanga pesa, na picha ikaganda: nyika tupu, wanyama kibao, mtu hayupo.

Wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi na Ngoreme wana picha nyingine. Ramani ya mtalii inaonyesha wapi simba amelala. Ramani ya mzee inaonyesha wapi babu yake amelala. Ndani ya hifadhi yapo maeneo yaliyokuwa maboma, mashamba, visima na sehemu za matambiko ya mababu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa huku, akawasikiliza, na mwaka 2007 akatoa kitabu kuhusu jinsi watu wa Serengeti wanavyoikumbuka ardhi yao. Ukisoma unagundua kwamba hawa wazee kumbukumbu zao zinatembea kwa miguu: wanataja kilima, kijito, mti, kisha tukio.

Na matukio yenyewe ni mazito kishenzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangusha ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Ikafuatana na ndui na njaa. Wamasai waliopoteza mifugo wakazidi kuvamia majirani. Watu wa magharibi mwa Serengeti wakahama, wakatawanyika, wakajipanga upya kwa rika zao ili walindane. Yaani ulimwengu wote wa mtu, mahari yake, cheo chake, chakula cha watoto wake, ulikufa zizini ndani ya miezi. Mkorea akitaka kukutisha anakuletea maiti anayetembea. Huku kwetu ilitosha kuamka asubuhi na kusikia zizi liko kimya.

Halafu kuna Machaba. Waikoma wana pembe mbili za ndovu ambazo kwao ni kinga ya kabila zima, na simulizi zao zinasema walizipata kwa maelekezo ya mganga mkubwa wa Wataturu, watu ambao pia walikuwa mahasimu wao. Tafakari hapo kidogo. Uko kwenye shida, unakwenda kuomba uhai kwa jirani unayepigana naye, na anakupa. Ni deni gani unabaki nalo? Mwandishi mwenye akili hahitaji kuongeza pepo wala radi. Mahusiano hayo peke yake yanatosha kukunyima usingizi.

Ukungu wa Tarime

Panda sasa kwa Wakurya. Tarime ni milima, ni migomba na kahawa, ni baridi ya alfajiri inayokufanya ujutie kuoga. Msimu wa mvua ukungu unashuka, mtu aliye hatua kumi unamsikia kabla hujamwona. Wazungu wanalipa mashine kutengeneza moshi wa namna hiyo studio. Sisi tunapewa bure na Mungu, na mnada wa ng'ombe unaendelea.

Chini ya ukungu huo kuna mstari. Mwaka 1886 Mjerumani na Mwingereza walikaa mbali huko, wakachora mpaka kutoka pwani, ukaruka Kilimanjaro, ukaja kugonga ziwa. Wakurya hawakuulizwa. Ukoo mmoja ukawa nchi mbili. Ng'ombe aliyeibwa usiku upande huu, asubuhi ni ng'ombe wa serikali nyingine. Mtu mwenye ndugu pande zote alijifunza kuwa na sura mbili, na riwaya ya kijasusi inaanzia hapohapo.

Kuna na utawala wa ndani. Wakurya walikuwa na iritongo, baraza la wazi la ukoo, na walikuwa na inchama, wazee wa siri wanaokaa juu ya mambo mazito ya jamii. Sasa mwandishi, hebu jiulize: kijana anaitwa mbele ya watu ambao hapaswi kujua kwamba wao ndio inchama. Anajua mmoja wao ni baba mkwe wake mtarajiwa. Anajua alichokifanya usiku wa juzi. Je, na wao wanajua? Umeshapata sura ya kwanza, na hujafyatua hata mshale.

Ukitaka kubwa zaidi, chukua Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza. Wakurya walijiunga nalo kwa wingi, hadi sifa ya uaskari ikawaganda mpaka leo; ukitaja Mkurya Dar, mtu anafikiria polisi au jeshi. Vita ya Pili vikosi vya Afrika Mashariki vilipelekwa Burma, na mwaka 1944 vilisukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope na malaria. Halafu mtu anarudi nyumbani. Ana hela ya mkupuo, ana buti, ana vitu alivyoviona ambavyo lugha ya nyumbani haina pa kuviweka. Anaoa, ananunua ng'ombe, anakaa kwenye kikao cha rika lake, na usiku anaamka akipiga kelele. Peaky Blinders ni stori hiyohiyo ya askari aliyerudi, wao wamemweka Birmingham na kofia. Sisi tungemweka Nyamwaga na koti la jeshi, na ritungu linalia nyuma badala ya gitaa.

Vya kuanza navyo

Usije ukasema Kiswahili hakina giza. Kinalo, ila tulikutana nalo darasani tukiwa na hofu ya mtihani. Virudie vitabu hivyo ukiwa huru.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichapwa 1960. Maiti kwenye mzimu wa kale Unguja, watu wanaogopa hata kusogea, halafu anatokea Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali kwa upole hadi uongo unajikwaa wenyewe. Humo utajifunza kitu kikubwa: mahali penye sifa ya kutisha panaweza kumficha binadamu wa kawaida mwenye tamaa ya kawaida.

Kisha Adam Shafi. Vuta N'kuvute, ya 1999, ni Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi na siasa vikipita kwenye vichochoro macho ya polisi yakiwa kila kona. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021 ikaenda hadi tamasha la Toronto. Icheki uone jinsi taa ndogo na ukuta wenye ukungu vinavyoweza kuongea kuliko mabomu. Ukimaliza, kama kifua kinaruhusu, ingia Haini, ya 2003. Hiyo ni Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Karume Aprili 1972, na watu wako mahabusu. Sio poa kabisa. Utakisoma kwa siku nyingi kwa sababu utalazimika kukiweka chini.

Kwa jirani zetu wa ziwani, Ukerewe, kuna miamba miwili. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, aliyefariki 2020, alijua kumweka msomaji pabaya: Kichwamaji ya 1974 inakuachia uzito kifuani, Nagona ya 1990 inakupeleka kwenye nchi isiyo na ramani. Na Aniceti Kitereza, ambaye alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980, na yeye akafariki 1981. Kitabu chake si cha kutisha. Nakitaja kwa sababu ndiyo shule bora ya mazingira ya kale: utajua pombe ilipikwaje, mkwe alisalimiwaje, mtumbwi ulichongwaje. Mwandishi wa giza asiyejua mchana wa watu wake ataandika usiku wa uongo.

Ongeza Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, cha 1977, kuhusu kijana anayerithishwa uchawi. Kazi hizi zikikosekana duka la karibu, uliza Mwanza au Dar, tuma hela, kitabu kinakuja na basi kama spea ya pikipiki.

Usizingue

Sasa nikuchane upande wa pili, kwa sababu giza likishikwa vibaya linachoma.

Huku kwetu kale si mbali. Koo za Tarime zimepigana kweli, watu wamekufa kweli, na ndiyo maana hadi leo kuna Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Ukiandika stori ambayo ukoo fulani ni wa wezi na wa kwako ni wa mashujaa, wewe si mwandishi wa giza, wewe ni mchochezi mwenye simu janja. Stori yenye akili inamweka mtu mwema upande usiotarajia, na inampa adui mama anayemlilia.

Uchawi nao. Ni rahisi mno kutafuta kiki kwa bibi mwenye macho mekundu. Nchi hii imeshazika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo, na mikoa ya Kanda ya Ziwa inaijua aibu hiyo vizuri. Kama unamtaka huyo bibi kwenye stori yako, ingia ndani ya nyumba yake, funga mlango, sikia mawe yakigonga bati. Msomaji aogope pamoja naye. Ukifanya hivyo umefanya kazi ambayo semina kumi hazijaiweza.

Na tambiko la watu si pambo. Machaba yana wenyewe. Inchama ina mipaka yake. Kuna mambo utaambiwa ukae nayo tu, yasiingie kitabuni. Kubali. Nafasi uliyoiacha wazi kwa heshima humtisha msomaji kuliko siri uliyoimwaga.

Mchongo uko hivi

Hutaki kuandika? Poa. Soma, sikiliza, chagua muvi kwa akili. Ukicheki stori ya kale uliza swali moja: huyu mwandishi amemwona nani, na nani amempita kama gogo? Swali hilo litakufanya mtazamaji mkali kuliko wote kibandani.

Ila wewe unayeandika status ndefu hadi watu wanalalamika, wewe nakutaka. Nenda kwa mzee. Beba sukari na majani ya chai, usibebe haraka. Amkia vizuri, "Shikamoo babu", subiri "Marahaba mjukuu wangu" itoke kwa nafasi yake. Usianze na vita. Muulize mto ule unaitwaje na kwa nini, mti ule nani aliupanda, zamani walivukaje Mto Mara mvua ikiwa kubwa. Jina la mahali litamfungua kinywa kuliko swali lolote la mwandishi wa habari. Na usiishie kwa babu. Bibi aliyeolewa huku akitokea ng'ambo ya mpaka ana nusu ya historia ambayo babu hakuwepo kuiona. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Ukikatazwa, kausha, kunywa uji, rudi siku nyingine.

Halafu andika kwa Kiswahili unachokiongea, na Kikurya, Kiikoma au Kingoreme kiingie pale ambapo mhusika angekitumia kweli. Tembea mahali penyewe asubuhi na jioni. Tarehe zihakiki, maana msomaji akikunasa umempeleka Mjerumani Ikoma mwaka 1930, amekuacha hapo.

Hela je? Ipo kiaina. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mshindi wa kwanza wa riwaya aliondoka na milioni 10. Jina la tuzo ni la mtoto wa Butiama, mkoa huuhuu wa Mara. Kuna pia Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, inayopokea miswada kutoka kokote. Ni aibu kubwa mkoa uliomtoa Mwalimu ukose riwaya ya Ikoma 1917, ya sotoka, ya askari wa Keya aliyerudi kutoka Burma.

Kwa hiyo mura, wikiendi hii maliza sizini yako, sijakukataza. Jumatatu nunua daftari la buku, nenda kwa mzee unayemjua, uliza jina la kilima kimoja. Andika ukurasa mmoja. Wiki ijayo andika wa pili. Wanaojua hizi stori wanapungua kila mwaka, na hakuna Mkorea atakayekuja kutuandikia.